Mstari Uliouacha Kivukoni

Dada Sekunda,

Shikamoo. Najua huwezi kuitika, lakini mimi sikulelewa kuanza maneno na mtu aliyenizidi umri bila kumwamkia, na kufa hakukupunguzii umri. Nikinyamaza kidogo hapa kana kwamba nangoja marahaba, usinicheke. Ni mazoea.

Ni mimi, Bosco, uliyeniita Utingo tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Niko chumba kile kile cha mradi wa kupima mto, hapa Kibaoni, nimekalia kiti chako. Kiti nimekirithi, laptopu nimeirithi, na ile khanga yako ya kufunikia laptopu vumbi lisiingie bado naifunika kila jioni, naikunja pembe kama ulivyokuwa ukiikunja. Meneja alipotafuta mtu wa kushika kazi yako alizungusha macho ofisi nzima. Wenye vyeti wakainamia simu zao, maana hawajui hata nguzo ya Mkula iko upande gani wa daraja. Akanigeukia mimi wa kidato cha pili. "Bosco, utaweza?" Nikamjibu kwamba nimekuwa utingo wa malori, nimelala Lubumbashi, nimenyolewa ndevu Durban na kinyozi asiyejua Kiswahili, sasa nitashindwaje na visanduku vitano. Unanijua, dada. Mdomo wangu hufika mahali kabla yangu.

Visanduku ni vile vile, kila kimoja juu ya nguzo yake kando ya maji, kuanzia Mkula mpaka Kivukoni, na sola yake, na ile kompyuta ndogo kama kipande cha sabuni. Bado vinapima kina cha maji na kupiga picha. Na maji yakianza kupanda kama yalivyopanda miaka ile mibaya, bado vinawatumia ujumbe wakulima walio mabondeni watoke. Sisi huku tunavisemesha kwa mbali. Nikiwaeleza watu kazi yangu vijiweni nawaambia mimi ni daktari, ila wagonjwa wangu wamekaa juu ya nguzo.

Uliyenifundisha udaktari huo ni wewe, na hukunifundisha kwa upole. Nilikuja nikiwa mbeba ngazi. Siku ulipoondoka kwenda kunywa chai nikajifanya najua, nikaandika amri ndefu moja kwa moja kwenye lile dirisha jeusi la mashine ya Mkula. Mvua ikapiga, mtandao ukakatika katikati, nusu ya amri ikafika na nusu ikabaki Kibaoni. Ile nusu iliyofika mashine ikaitii, ikajizima. Ulinipeleka Mkula kwa bodaboda, nimeshika ngazi begani njia nzima, na wewe nyuma yangu kwenye bodaboda nyingine unacheka mpaka vumbi linakuingia mdomoni. Tuliporudi ukaniambia, "Utingo, amri ndefu hatuandiki mlangoni kwa mtu. Tunaandika nyumbani, tunasoma nyumbani, halafu ndiyo tunapeleka."

Ndipo ukanionyesha daftari. Wenzetu wanaliita faili la maandishi, lakini kwako lilikuwa daftari, na kila mashine ilikuwa na ukurasa wake humo. Amri ndefu uliikata vipande vifupi, kila kipande mstari wake, mtu aweze kuiona yote bila kukodoa macho. Na kwa kuwa mwanafunzi wako kizungu chake ni cha mpakani, cha kuombea maji na kuulizia choo, amri zote ulizipa majina ya kwetu: pima, tuma, bana, futa. Mbele ya kila mstari uliweka reli, ile alama ya # ya kwenye simu. Ukaniambia mashine ikiona reli mwanzo wa mstari inafanya kama watu pale njia panda treni ya kwenda Zambia ikipita. Inasimama, inauacha mstari wote upite mpaka mwisho, haigusi kitu. Kwa hiyo mstari wenye reli ni maneno tu, hauna madhara. Unausoma kwa sauti kuanzia mwanzo. Halafu unapiga hodi. Halafu ndiyo unatoa reli na kubonyeza kitufe cha kutuma, nacho kinaunganisha vipande vyote kuwa mstari mmoja na kuupeleka mtoni pamoja na enta yake.

Hodi ndiyo niliyoidharau zaidi. Mtu mzima unaandika hodi kwenye kompyuta, nayo inakujibu karibu na kukutajia jina lake, ujue umeingia nyumba ya nani. Nilisema hii ni michezo ya watoto wa chekechea. Ukasema, "Wewe uliyefika Durban, hujawahi kuamka hujui uko mji gani?" Niliwahi.

Halafu ukafa.

Jumamosi mchana, umekaa barazani kwenu na laptopu mapajani, ukamwambia mama kichwa kinakugonga, ngoja ujilaze kidogo. Presha, walisema. Mimi nilibeba jeneza upande wa mbele kulia na nikajigamba njia nzima kwamba nimebeba mizigo mizito kuliko wewe. Nilisema hivyo ili nisianguke. Watu walicheka, wengine walinikemea. Mama yako alinishika mkono akasema, "Mwacheni, ndivyo alivyozoea kuongea naye."

Sasa ninalotaka kukueleza ni la wiki iliyopita. Sijamsimulia mtu lote.

Arobaini yako ilipoisha tu, mama akachukua jembe na kuvuka daraja kwenda shambani, ng'ambo, kwenye dungu lenu katikati ya mpunga. Nilimwambia, mama, mwaka huu mvua si ya kuchezea. Akanijibu, "Utingo mwanangu, wewe una kelele toka nikujue. Miaka yote anayeniambia toka ni Sekunda. Akiniambia natoka. Asiponiambia nalinda mpunga wangu ndege wasiule." Nikacheka kwa adabu. Nilidhani ni uchungu unaongea, na uchungu hubishani nao.

Siku ya tatu yake huko mvua ilianza asubuhi, na ilipofika saa nane mchana chumba hiki kilikuwa cheusi kama kuna mtu amesimama dirishani. Ndipo nikaona Kivukoni imenyamaza. Mkula inaongea, nyingine zote zinaongea, Kivukoni kimya tangu asubuhi. Nilijua ugonjwa. Kisanduku kimejaa picha mpaka shingoni, hakina pa kuandikia kipimo, na kisipopima hakitumi ujumbe. Nikampigia bodaboda aliyeko darajani. Akaniambia maji yamezunguka nguzo, mguu wa mtu haufiki. Nikampigia mama, simu inaita, haipokelewi. Mvua ya pale juu ya nailoni la dungu unaijua, mtu hasikii hata kikohozi chake, labda aitupie simu jicho mwenyewe.

Dada, ningekuwa nimetulia ningefanya ulivyonifundisha. Sikutulia. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimeitibu Mkula ugonjwa huo huo, na amri yake ilikuwepo kwenye daftari, ndefu, nzuri, inaanza na futa akiba. Nikaikopi kama ilivyo. Sikuisoma kwa sauti. Hodi sikupiga. Reli nikaitoa kwa kidole kimoja, nikafungua dirisha la Kivukoni kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Dirisha likafunguka jeusi tupu, mtandao unakokota, hakuna hata herufi moja kwenye kioo. Nikajisemea litajijaza lenyewe. Nikabonyeza kutuma.

Nikakaa. Mvua. Kioo cheusi, ndani yake uso wangu.

Halafu mtandao ukavuta pumzi na maandishi yakajitokeza, polepole, kama mtu anayeandika akiwa anafikiri. Herufi za kwanza hazikuwa zangu. Nimezisoma mara nyingi mno, nazijua kwa kichwa. Reli, kisha: kesho nimuulize Utingo kuhusu. Na papo hapo, bila kuruka mstari, ile amri yangu: futa akiba.

Kesho nimuulize Utingo kuhusu futa akiba. Sentensi moja.

Nilisimama. Kiti kikaanguka nyuma na sikugeuka kukiangalia, kwa sababu, nitakuambia ukweli, sikutaka kujua kama kimeanguka chenyewe.

Baadaye nimeelewa ilivyokuwa, kwa kadiri mtu wa kidato cha pili anavyoelewa. Lile dirisha la Kivukoni ni la aina inayobaki wazi kule kule kwenye mashine, hata ufunge laptopu, hata mtandao ufe. Wewe mwenyewe ulilitengeneza hivyo. Jumamosi ile barazani ulikuwa umeanza kujiandikia neno la kukumbuka, na kwa mazoea yako ukaweka reli mbele. Kichwa kikakugonga. Ukaacha mstari katikati. Na mstari ule ukakaa pale juu ya mto, na kile kikwaju, kile kijistari cha mwisho wa maandishi, kinapepesa, kinapepesa, tunakuosha kinapepesa, tunakuzika kinapepesa, arobaini inasomwa kinapepesa, kinangoja umalizie. Nikaja mimi na haraka zangu nikakumalizia. Na kwa kuwa mstari ulianza na reli yako, mashine ilisimama ikaiacha amri yangu ipite yote. Haikugusa kitu.

Hayo niliyaelewa baadaye. Wakati ule nilifanya jambo moja tu nililoweza kulifikiria. Nikapiga hodi.

Ikajibu: Karibu, Sekunda. Hapa ni Kivukoni.

Najua kwa nini. Nimeingia kwa laptopu yako na jina lako, ingenikaribisha kwa jina gani? Lakini nenda ukamwambie hivyo mtu aliyesimama kwenye chumba cheusi. Na iliposema Kivukoni ndipo akili ikanirudia. Akiba ya Mkula ni nakala za kutupa. Akiba ya Kivukoni ndiyo kumbukumbu yenyewe ya mto, ya miaka yako yote, na haina nakala popote, maana ulikuwa unangoja kiangazi uishushe mwenyewe. Ndiyo ambayo mashine huitazama kujua maji yamefika pabaya. Ningeifuta, kisanduku kingepata nafasi, kingepima vizuri kabisa, na kisingejua kwamba maji kinayoyapima ni ya hatari. Maji yangempita mama yako huku mashine imeridhika.

Nikaandika nani, ile amri yako ya kuuliza walio ndani. Nilitaka tu kuhakikisha siko kwenye dirisha la mtu mwingine. Ikanipa majina mawili. Sekunda, ameingia sasa hivi. Sekunda, ameingia Jumamosi ile, hajatoka.

Nikaokota kiti. Nikakaa. Nikasema kwa sauti, "Haya dada, tufanye kazi."

Nikarudi kwenye daftari, ukurasa wa Kivukoni, nikaandika upya. Kipande cha kwanza, ingia folda la picha. Cha pili, chagua za mwaka uliopita tu. Cha tatu, bana. Cha nne, hakikisha zilizobanwa zinafunguka. Cha tano, kama zinafunguka, na zikiwa zinafunguka tu, futa zile za mwanzo. Reli mbele ya kila kimoja. Halafu nikaanza kusoma kwa sauti, peke yangu, kama katekista mbele ya mabenchi matupu. Unakumbuka ulivyokuwa ukigonga meza kwa kalamu kila nikimaliza mstari, ko, ndiyo ruhusa ya kuendelea na unaofuata? Nilipomaliza mstari wa kwanza nikasikia ko. Wa pili, ko. Wa tatu, ko. Bati linavuja kwenye kona, dada, na tuna beseni pale, Meneja anajua, kila mtu anajua. Lakini mstari wa nne nilipousoma halikugonga. Nikangoja. Halikugonga. Nikausoma tena taratibu na nikaona nimeandika jina la folda la Mkula. Nikalirekebisha, nikasoma. Ko.

Sisemi ni wewe. Nasema lilikuwa beseni. Ila beseni hilo kwa sasa simruhusu mtu kulisogeza.

Nikatoa reli, nikatuma. Mtandao ukakatika mara mbili na kazi ikaendelea kule kule bila sisi, kama ulivyoipanga. Baada ya muda ambao siwezi kukuambia ulikuwa mrefu kiasi gani, Kivukoni ikaandika kipimo. Kikafuata kingine, cha juu zaidi. Halafu ikaandika: ujumbe umetumwa.

Nilikuwa nimeshavaa koti la mvua. Nilikwenda mpaka darajani kwa bodaboda, nikasimama pale watu wanapovuka na magunia vichwani, namwangalia kila mwanamke mfupi. Walikuwa wanatoka kwa makundi, kuku mikononi, mikeka, mama mmoja kabeba redio kifuani kama mtoto. Maji chini yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na yalikuwa yanaongea. Giza la mvua lilikuwa zito kiasi kwamba watu walinitokea wakiwa karibu kabisa, kama wanazaliwa pale mbele yangu. Kila anayetokea si yeye. Hapo hata mimi sikuwa na utani. Nikawa nasema moyoni, Sekunda, mwambie. Sekunda, mwambie.

Akatokea. Kajifunga gunia kichwani, jembe begani, simu yake ya kitochi imefungwa kwenye mfuko wa chumvi. Nikamwamkia huku nalia, mvua ilinisitiri. Akaitika marahaba, akanikabidhi jembe kama vile tulipanga kukutana. Akasema, "Kaniambia. Nimetoka."

Nikamwuliza nani. Akafungua mfuko wa chumvi akanionyesha kioo cha simu. Maji yanapanda, tokeni sasa, msingoje. Na chini yake: Sekunda.

Dada, nilikuwa nimesahau. Ulisaini ujumbe kwa jina lako miaka ile ya mwanzo, watu wakiwa hawaiamini mashine ila wanamwamini binti wa Mama Sekunda, na hakuna aliyekumbuka kulitoa. Bonde zima lile, mchana ule, watu walitolewa majini na mtu tuliyemzika. Wengine walivuka daraja wakijifanyia ishara ya msalaba, sasa nilijua kwa nini.

Nikaanza kumweleza mama. Nikamwambia, mama, hii ni mashine, jina lilibaki tu, mimi ndiye niliye... Akanikatiza. "Bosco." Hajawahi kuniita Bosco. "Unadhani sijui kwamba amekufa? Nilimwosha kwa mikono hii. Lakini maneno ni ya kwake." Akaanza kutembea, na mimi na jembe nyuma.

Maji yalifika kwenye dungu usiku ule na kulichukua. Mpunga nao umekwenda. Mama yuko hapa Kibaoni, ananikaripia kwa jinsi ninavyopika ugali, yaani mzima.

Meneja alisema jina litolewe, jina la marehemu linatisha watu. Nilimwuliza mama, akasema, "Lina kosa gani?" Basi nikamrudia Meneja nikamwambia ni jambo gumu sana kitaalamu, liko ndani mno, hata Durban sikuona mtu wa kuliweza. Akaniamini. Ni mstari mmoja, dada, naweza kuutoa nikiwa nimefumba macho. Siutoi.

Linalonisumbua ni lile swali. Kesho nimuulize Utingo kuhusu. Kuhusu nini? Nimewaza mpaka kichwa kinanguruma. Labda ngazi, niliivunja kipago cha tatu na kukifunga kwa waya nikadhani hukuona. Labda ulitaka tushushe akiba ya Kivukoni pamoja, hiyo nimeshaishusha, iko sehemu mbili sasa. Labda ulihisi kitu mwilini ukataka kuniuliza kama nitaweza. Kwa hilo ningekuambia uongo, ningesema bila shaka. Sasa hivi ningekuambia kweli, kwamba siwezi, ila nitasoma kwa sauti.

Hiyo ndiyo ahadi yangu. Nitaandika nyumbani. Nitasoma kwa sauti mpaka mwisho hata kama mto uko mlangoni, na nitangoja ko. Nitapiga hodi hata kwenye mashine ninayoijua kama kiganja changu. Na kila masika mama yako ataambiwa atoke, na atakayemwambia ni wewe.

Barua hii nimeiandika kwenye daftari lako, ukurasa wa Kivukoni, na kila mstari nimeuwekea reli mbele, mashine isije ikanitii katika mambo ambayo siwezi kuyarudisha. Jana nilifungua lile dirisha. Nikauliza nani. Bado mko wawili. Mtaalamu mwingine angekwambia kumfunga yule wa Jumamosi ni usafi tu wa kazi. Sikumfunga. Niliandika pale pale ulipoachia, reli kwanza:

Ndiyo, dada. Lolote ulilotaka kuniuliza, ndiyo.

Enta sikubonyeza. Kikwaju kinapepesa mwisho wa mstari, juu ya mto, na nafasi ipo.

Lala salama, Sekunda. Khanga nimeshaikunja pembe.

Mdogo wako,
Utingo